Fumbo la leo: nani alishika mashine wakati moyo umesimama?

Mnaotufuata siku zote mnajua utaratibu wetu hapa: tunamsimulia mtu, jina tunaliacha, nyie mnakisia. Mara nyingi ni msanii fulani na gari la mkopo, au mheshimiwa fulani na nyumba ya pili ambayo mama watoto haijui. Leo fumbo ni la aina nyingine. Hawa wa leo majina yao sijayaficha mimi. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuyauliza.

Ilianzia kwenye sendofu moja hapa Dar. Si mnawajua ma-MC wetu, lazima kila ndugu asimame ataje jina na kazi, halafu vigelegele kulingana na uzito wa kazi yenyewe. Benki, vigelegele. Bandarini, vigelegele zaidi. Ikafika zamu ya dada mmoja mwembamba, mpole, akasema, "Mimi naendesha mashine, hospitali." Akakaa. Shangazi mmoja kwenye meza yetu akaninong'oneza: "Kwani siku hizi hospitali nako wanasaga?" Tukacheka meza nzima, na nadhani dada mwenyewe alisikia maana alitabasamu.

Baadaye nikamkuta kwenye foleni ya chakula nikamuuliza, mashine gani hasa? Akanijibu huku anajipakulia pilau: "Mtu akipasuliwa moyo, moyo wenyewe unasimamishwa. Damu yake inakuja kwangu. Naizungusha mimi mpaka wamalize." Akauliza kama kachumbari bado ipo.

Jamani, mimi hamu ya chakula iliisha palepale. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na wiki tatu sasa nasoma. Tena nina sababu ya kifamilia: mpwa wangu kamaliza kidato cha sita na PCB yake, na baada ya kumsimulia habari za huyo dada ameng'ang'ania kwamba na yeye anataka kazi hiyo. Mama yake kaniambia, "Wewe ndiye uliyemtia maneno, wewe ndiye utakayemweleza." Basi namweleza yeye, na nyie mnasikiliza.

Kitaalamu kazi hiyo inaitwa pafyusheni, na mwenye nayo ni mtaalamu wa pafyusheni. Wengi hospitalini kwetu watakuambia tu "mtu wa mashine ya moyo na mapafu". Iko hivi. Daktari hawezi kushona tundu ndani ya kitu kinachoruka na kujaa damu. Lazima moyo utulie na uwe mtupu. Lakini ubongo ukikosa damu yenye oksijeni dakika chache tu, mgonjwa kaharibika moja kwa moja. Kwa hiyo damu inatolewa upande wa kulia wa moyo kwa mrija, inashuka kwenye tangi dogo la plastiki, pampu inaisukuma kwenye pafu la bandia ambalo ndani lina vijibomba vyembamba maelfu, inapata oksijeni, inapozwa au kupashwa moto kama daktari anavyotaka, inapita kwenye chujio, inarudi mwilini kwenye mshipa mkuu, aorta. Kwa mtu mzima ni kama lita nne mpaka tano kila dakika. Daktari anapiga moyo dawa yenye potasiamu nyingi, unalegea, unasimama kabisa. Kuanzia hapo uhai wote wa mtu yule umo kwenye mirija ya yule dada wa pilau.

Sasa swali la historia, na ndilo fumbo letu: nani alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti kile?

Vitabu vitakujibu haraka: John Gibbon, daktari wa upasuaji, Mmarekani. Ni kweli, na ana haki yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa kijana anayejifunza Boston, akapewa kazi ya kumkesha mama mmoja aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo na bonge la damu likamzibia mshipa wa mapafu. Alikaa naye usiku kucha anapima mapigo na presha, anamwona anabadilika rangi. Asubuhi mkuu wake, Edward Churchill, alimpasua kwa haraka ya ajabu, lakini mama hakupona. Gibbon alisema baadaye kwamba usiku ule ndipo wazo lilipomjia: kama ningeweza kuitoa ile damu nyeusi, nikaipa oksijeni nje, nikairudisha. Mama huyo, kama mnavyodhani, katika masimulizi mengi hana jina. Ni "mgonjwa".

Ila kuna mtu mwingine katika hadithi hii, na hapa nawaomba msikimbie. Kwenye maabara ya Churchill alikuwepo fundi wa utafiti, binti anaitwa Mary Hopkinson, wenyewe wakimwita Maly. Gibbon alimuoa mwaka 1931. Walipoanza kujenga mashine yao Boston, miaka ya 1934 na 1935, hawakuwa na fedha. Pampu ya hewa waliyoitumia ilinunuliwa dola chache kwenye duka la vitu vilivyotumika. Mitumba, ndugu zangu! Na wanyama wa kujaribia walikuwa paka. Gibbon mwenyewe amesimulia alivyokuwa anatoka usiku mitaani na kipande cha samaki jodari na gunia, anawinda paka wasio na wenyewe. Nawaza majirani wangesema nini kama ingekuwa Manzese.

Asubuhi Maly ndiye aliyekuwa anaanza kuandaa mitambo, kazi ya saa kadhaa, kila mrija usafishwe, kila kiungo kikazwe. Paka analazwa usingizi, wanaunganisha, wanabana mshipa wa mapafu, wanatazama mashine kama inaweza kubeba. Mara nyingi haikuweza. Damu iliganda, au ilitoa povu, au kitu kilivuja. Siku ilikuwa inaishia usiku, na kesho yake tena. Mwaka 1935 ikafika siku ambayo walibana mshipa kabisa na paka akaendelea kuishi kwa mashine peke yake. Gibbon ameandika kwamba yeye na mkewe walikumbatiana wakacheza maabara nzima wakicheka. Nimependa sana hiyo picha. Watu wawili, paka mmoja, na hakuna wa kumwelezea.

Wengi wa fani hii leo wanamhesabu Maly kuwa ndiye mtaalamu wa pafyusheni wa kwanza duniani. Lakini uliza mtaani kwa madaktari nani aligundua mashine ya moyo na mapafu, utasikia jina la mume.

Nirudi nyuma kidogo, maana mashine isingewezekana bila vitu viwili. Cha kwanza ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyopatikana Baltimore mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, ambaye kwa kweli alikuwa ametumwa kutafuta kitu cha kuigandisha. Akapata kinyume chake. Leo sehemu kubwa ya heparini duniani inatoka kwenye utumbo wa nguruwe, na dawa ya kuikata mwishoni mwa upasuaji, protamini, asili yake ni mbegu za samaki dume. Msinigombeze, mimi naeleza tu. Cha pili ni pampu ya kuviringisha, ile inayokamua mrija kwa nje kama unavyokamua ute kwenye utumbo wa mbuzi, damu inasogea bila chuma kuigusa. Michael DeBakey aliiboresha akiwa New Orleans, akaitangaza mwaka 1934, kwa ajili ya kuongezea watu damu. Hakuwa anafikiria moyo.

Vita ikaja, Gibbon akaenda jeshini, akarudi, akapata kazi Philadelphia, na kampuni ya IBM ikampa wahandisi. Mashine ikawa kubwa kama piano. Na Mei 6, 1953, msichana wa miaka 18 mwenye tundu moyoni akaunganishwa. Kwa dakika 26 moyo na mapafu yake havikufanya kazi yoyote, mashine ilifanya. Akapona. Ndiyo mara ya kwanza duniani. Gibbon hakupenda kelele za magazeti, alichapisha taarifa yake mwaka uliofuata kwenye jarida la madaktari la Minnesota, basi.

Kinachofuata hakisimuliwi sana. Mgonjwa wa kabla ya yule msichana, mtoto mdogo, alikuwa amefariki. Julai 1953 Gibbon akawapasua mabinti wawili wadogo, wote wakafariki. Akaiweka mashine pembeni, hakuendelea. Karibu miaka ishirini ya kazi, mgonjwa mmoja aliyepona. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Sasa tuhamie Minnesota, maana kijiti kiliokotwa huko. Walton Lillehei wa chuo kikuu pale Minneapolis alikata shauri kwamba kama mashine haifai, basi mtu awe mashine. Unachukua mtoto mgonjwa, unamlaza baba yake kitanda cha pembeni, unaunganisha mishipa yao kwa mirija na pampu ndogo katikati, mapafu ya baba yanasafisha damu ya mtoto. Machi 26, 1954 alianza na mtoto wa mwaka mmoja na baba yake. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini mtoto alifariki kwa nimonia siku kumi na moja baadaye. Lillehei hakuacha. Jumla walifanya wagonjwa 45 kwa njia hiyo, na 28 walitoka hospitali wazima, watoto ambao vinginevyo hawakuwa na njia nyingine. Wapinzani wake walisema huu ni upasuaji wa kwanza unaoweza kuua asilimia mia mbili, yaani wote wawili mezani. Hakuna mzazi aliyekufa. Lakini mama mmoja aliyejitolea kwa ajili ya mtoto wake aliingiwa na hewa kwenye mishipa, akapata madhara ya ubongo ambayo hayakuondoka. Mpwa wangu, hapo soma taratibu. Hewa. Kiputo cha hewa ndicho kinachowanyima watu wa kazi hii usingizi mpaka leo.

Na ile pampu ya katikati, nani alikuwa anaitazama? Hapa ndipo mtu wa fumbo letu anapoonekana kidogo. Alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo, Richard DeWall, aliyechoka na kliniki akataka kufanya utafiti. Chuo kikamkataa kumsajili kwa masomo ya juu, eti alama zake hazitoshi. Lillehei akamwajiri hivyohivyo, kwa nafasi ya mhudumu wa wanyama wa maabara. Mhudumu wa mbwa, kwa karatasi za ajira. Na mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa anakaa chumba cha upasuaji kuangalia damu ya baba na mwana inavyokwenda.

Lillehei akamwambia atafute njia ya kuipa damu oksijeni bila mzazi, na akamkataza kwenda maktaba kusoma, asije akarithi makosa ya waliotangulia. DeWall akaja na kitu ambacho ukikiona unaweza kudhani ni cha fundi bomba: mrija mrefu wa plastiki, oksijeni inapulizwa chini kwa viputo, damu inapanda na povu, juu kuna dawa ya silikoni ya kuua povu, halafu inashuka kwa mrija uliozungushwa kama springi ili kiputo chochote kilichobaki kipande juu kabla damu haijafika chini. Akili yote iko kwenye ile springi. Mei 1955 wakaanza kuitumia kwa wagonjwa. Ilikuwa rahisi, ilitupwa baada ya kutumika, na hospitali yoyote ingeweza kuunda. Upasuaji wa moyo ulisambaa duniani kwa sababu ya bomba lile kuliko kwa sababu ya piano ya Philadelphia. Huo ni mtazamo wangu, mwenye hoja nyingine aje. Mashabiki wa John Kirklin wa Mayo Clinic najua watakuja: yeye aliichukua mashine ya Gibbon, akaiboresha, akaanza Machi 1955 palepale Minnesota. Kwa muda fulani duniani kote vituo vya kufungua moyo kwa ratiba vilikuwa viwili tu, na kutoka kimoja kwenda kingine ni kama kilomita 145, pungufu ya Dar kwenda Morogoro.

Ndipo Afrika inaingia. Mwaka 1956 kijana wa Cape Town alikuwa Minneapolis anasomea upasuaji, Christiaan Barnard. Siku moja anapita kwenye maabara akamkuta mwenzake, Vincent Gott, anahangaika na mashine ya moyo na mapafu, akaombwa amsaidie mkono. Aliposhika, basi, akabadilisha mwelekeo wote. Aliporudi nyumbani mwaka 1958 wakubwa zake wa Minnesota walimsaidia kupata mashine ya kuondoka nayo, na mwaka huohuo Cape Town wakaanza kufungua moyo.

Desemba 3, 1967 kila mtu anaijua, moyo wa kwanza kupandikizwa kwa binadamu, hospitali ya Groote Schuur. Barnard akawa staa wa dunia, majarida, warembo, Ulaya na Marekani. Leo angekuwa mteja wetu wa kila wiki hapa. Lakini hebu ingia chumba chenyewe. Vyumba viwili, mashine mbili, moja kwa Louis Washkansky na nyingine kwa Denise Darvall, binti aliyegongwa na gari, ili kuupoza na kuulinda moyo wake. Barnard alianza kwa kuingiza mrija wa kurudishia damu kwenye mshipa wa paja wa Washkansky. Mshipa ulikuwa umeharibika kwa ugonjwa, haupitishi vizuri, presha kwenye mrija ikapanda vibaya. Presha ya namna hiyo inasomwa wapi? Kwenye mashine. Ikabidi wahamishe mrija mpaka aorta katikati ya shughuli, na kuhamisha mrija kama huo ndipo hewa inapopata mwanya. Walivuka. Pale kwenye pampu walikuwepo watu kama Johan van Heerden na Dene Friedmann. Uliwahi kuyasikia majina hayo? Mimi, mpaka mwezi huu, hapana.

Kwa pembeni kidogo. Mnakumbuka ile stori inayozunguka kwenye WhatsApp, kwamba mtunza bustani mweusi, Hamilton Naki, ndiye aliyetoa moyo wa Denise kwa siri usiku ule? Sio kweli. Hakuwepo chumbani. Magazeti makubwa ya Marekani na Uingereza yaliyoiandika alipofariki mwaka 2005 yalilazimika kusahihisha. Ukweli wake unatosha bila chumvi: alianza kama kibarua wa bustani chuoni, akaingia maabara, akafika kuwapasua wanyama na kuwafundisha mikono madaktari, kwenye nchi ya ubaguzi ambayo isingemruhusu kuitwa chochote. Mwaka 2003 chuo kikampa shahada ya heshima. Mtu akikaa muda mrefu bila kuandikwa, siku mkitaka kumwandika hamjui tena lipi alifanya na lipi hakufanya. Nasi wa mafumbo tunapaswa kuliangalia hilo, mimi wa kwanza.

Miaka yote hiyo kazi yenyewe haikuwa na jina. Aliyekaa kwenye pampu alikuwa daktari mwanafunzi, nesi, fundi wa maabara, mtunza wanyama, yeyote aliyekuwa makini na hakuwa na pa kwenda. Waliitwa watu wa pampu. Walijifunza kwa kutazama. Mwaka 1964 wa Marekani wakaunda chama chao, na mwaka 1975 ikaanza bodi ya kutoa mtihani na cheti. Yaani kuanzia paka wa Boston mpaka bodi hiyo ni miaka arobaini. Katikati hapo watu walishika uhai wa wenzao bila karatasi inayosema wanaruhusiwa.

Huku kwetu hadithi ni fupi zaidi. Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye valvu mbovu au mtoto mwenye tundu moyoni alikuwa anasubiri kibali na tiketi, safari mara nyingi India. Na valvu mbovu kwetu si ugonjwa wa wazee: mtoto anaumwa koo, hatibiwi, inageuka homa inayokula milango ya moyo, akifika miaka ishirini hawezi kupanda ngazi. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikafunguliwa palepale mwaka 2015. Tukipiga picha za uzinduzi tunapiga vitanda na mitambo. Mashine unaweza kuiagiza ikafika kwa meli. Mtu wa kuikalia anachukua miaka.

Miaka mingapi, mpwa wangu anauliza. Inategemea unapita mlango upi. India wana shahada ya kwanza ya teknolojia ya pafyusheni, na wengi wa ukanda wetu wamepita huko. Afrika Kusini unasomea teknolojia ya kliniki, vyuo kama Durban University of Technology, halafu unachagua pafyusheni ndani yake. Uingereza kwanza hospitali inakuajiri kama mwanafunzi, ndipo unasoma shahada ya uzamili inayotolewa na chuo kikuu cha Bristol huku unafanya kazi. Marekani mara nyingi unaingia ukiwa na shahada tayari, unasoma, unafanya upasuaji wa kuhesabiwa, ndipo unakaa kwenye mtihani wa bodi. Pote wanataka fizikia, kemia, baiolojia, na hesabu ambazo hazikutishi saa nane usiku. Njia ya kujifunzia palepale kazini, chini ya mtaalamu mgeni anayekuja na kuondoka, nayo ipo, na baadhi ya walioanza kwetu walianza hivyo.

Nikampigia yule dada wa sendofu nikamwambia, nina binti anataka, mwambie chochote. Alikubali kwa sharti la hapa kwetu, jina asitajwe, na hospitali asitajwe. Alichosema nakiandika kama nilivyokisikia.

Kwanza alisema kazi inaanza kabla mgonjwa hajaingia. Unajaza mirija maji ya dawa, unaigonga na kuitikisa kutafuta viputo, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta chawa kichwani. Una orodha, unaisoma kwa sauti hata kama umeifanya mara elfu. Heparini ikiingia unapima muda wa damu kuganda, na mpaka namba ifike, mara nyingi zaidi ya sekunde 480, hukubali kuanza hata daktari awe mkubwa kiasi gani. Nikamuuliza, unamkatalia profesa? Akasema, "Simkatalii. Namsomea namba." Kila agizo unalirudia. Daktari anasema punguza, unajibu nimepunguza. Kimya hakiruhusiwi.

Pili, umeme. Hili nililiuliza mimi maana nyie mngeniuliza. Mashine ina betri. Betri ikigoma kuna mkono wa chuma wa kuzungusha kwa nguvu zako, na wanafanya mazoezi ya kuuzungusha, wanapokezana, huku mwingine anahesabu mizunguko. Alisema bega linauma kwa dakika chache tu, na unazungusha ukijua ukizubaa tangi likikauka hewa inafika kichwani kwa mgonjwa ndani ya sekunde chache.

Tatu, upweke. Kwamba siku ikiharibika, swali la kwanza linaelekea kwenye mashine, na ikienda vizuri swali halipo. Wakati wa Korona, mashine ndugu ya hii, ile inayobeba mapafu ya mgonjwa kwa siku nyingi wodini, ilitajwa sana kwenye taarifa za habari za dunia, na hata hapo ilitajwa mashine. Alisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayekutajia bei ya nyanya. Ila akaongeza kwamba binti ajipime: anaweza kukaa saa sita bila kugusa simu? Nilimfikishia mpwa wangu. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Nikamuuliza dada, siku gani unaikumbuka. Akasema mtoto wa miaka mitano, tundu, moyo ulisimama dakika arobaini na kitu. Walipofungua kibano ukakaa kimya, ukakaa, halafu ukajikunja mara moja kama unajinyoosha, ukaanza. Alipunguza pampu polepole mpaka ikasimama, akaandika saa kwenye karatasi yake, akamaliza kumwaga na kufuta, akabadilisha nguo akatoka.

Nje kwenye korido alimkuta mama wa yule mtoto. Daktari alikuwa ameshatoka kumpa habari, mama alikuwa anamshika mkono analia na kucheka, akamshukuru nesi, akamshukuru mpaka mlinzi. Dada akapita pembeni na mkoba wake. Mama akamwita, "Samahani dada'angu, eti maji ya kunywa yanauzwa wapi hapa?" Akamwonyesha.